Sindano Tusiyoitaja

Mtaani kwetu Bwera, sindano inayochomwa dukani haijawahi kuchomwa. Ukiuliza, hakuna aliyeona. Mwenye duka hakuona, aliyechomwa hakuhisi, na jirani aliyemshika miguu siku hiyo alikuwa sokoni. Nimeishi hapa tangu nilipoolewa, nikitokea Nyakalengija kwa watu wanaowabebea wageni mizigo ya mlimani, na mambo mengi ya mpakani nimeyazoea. Hili sijalizoea, na sitaki kulizoea.

Sababu yake si siri. Kwa sheria, duka la dawa linauza vidonge. Kuchoma sindano si kazi yake. Wakaguzi wakija na gari lao, kitu cha kwanza wanachotafuta ni sindano zilizotumika, na wakizipata wanatia kufuli yao mlangoni. Basi bwana wa duka letu, ambaye sote tunamwita musawo kama tunavyomwita yeyote aliyewahi kuvaa koti jeupe, ana sharti moja tu. Akishakuchoma anakikunja kichupa kitupu ndani ya karatasi, anakutia mkononi na kukuambia ukakitupe chooni kwako, si kwake. Watu wanakubali. Ni mtu mwema, hilo silipingi. Anafungua mapema, hafokei mtu, hamwambii mama mwenye mtoto anayechemka aende nyuma ya foleni. Wakongomani wanaokimbia vita upande wa Beni, wanaofika bila kujua waanzie wapi, yeye ndiye anayewapokea kwa lugha yao. Ukimtaja kwa wakaguzi umewanyima watu wote wa mtaa musawo wao. Kwa hiyo hatajwi. Hatajwi kwa mkaguzi, na hatajwi kwa daktari. Mtaa wetu hauwatofautishi hao wawili, maana wote wana kalamu.

Mimi nina binti mwenye kifafa. Alianza kuanguka kabla hajaanza shule, na sasa ameshakuwa msichana wa kusoma na kubishana. Anameza vidonge vyake kila siku, na mara nyingi akianguka ni jambo la muda mfupi: anatetemeka, anakoroma, anaacha, analala, anaamka na njaa. Hayo tumejifunza kuishi nayo. Ninaloogopa mimi ni lile linaloanza na lisikome.

Baba yake ni dereva wa lori la safari ndefu, na nyumbani kwake yeye ni kama mgeni anayejua mahali kikombe kinapowekwa. Mimi nauza chumvi. Kila wiki nateremka Katwe, naichagua pale ziwani kutoka kwa wanaoichimba, naipakia na kuileta soko la mpakani kwa wateja wanaovuka kwenda Kongo. Siku ninazokuwa Katwe, mtoto anabaki na bibi yake, mama mkwe wangu, aliyetoka upande wa Butembo zamani akiwa na vitenge vyake vya kuuza, akabaki. Ni Mkatoliki wa kweli, hakosi misa, na ana adabu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Adabu hiyo ndiyo iliyokaribia kunipokonya mtoto.

Kwake yeye mtu mwenye heshima haangaliwi akianguka. Mtoto akianza tu kutetemeka, mama mkwe anavua kitenge chake cha juu na kumfunika kuanzia kichwani hadi miguuni, watu wasione povu wala macho yaliyogeuka. Mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo nililia, kwa sababu kabla ya hapo watoto wa jirani walikuwa wakija kutazama kana kwamba kuna ngoma. Nilimpenda kwa kitenge kile. Kisha anakaa pembeni na rozari yake, na kila anayepita akiuliza anamjibu, "Ametulia." Hilo ndilo jibu la mtaa mzima. Ametulia maana yake kumekwisha, rudini majumbani kwenu.

Siku ile nilikuwa Katwe, nimesimama juu ya matope ya kingo nabishana na mwanamke mmoja juu ya chumvi yake iliyojaa udongo, simu ikaita. Jirani yetu, ambaye anaimba kwaya moja na mama mkwe, alikuwa anapiga kelele ndani ya gari.

"Mutoto ameanguka, na hapana acha! Tuko kwa barabara, tunaenda Kasese!"

Kasese! Bwera kuna pa kutibiwa, kwa nini wapite barabara yote ile na mtoto anayetetemeka? Nilikuja kuelewa baadaye: gari lililopatikana lilikuwa la mfanyabiashara aliyekuwa tayari anakwenda Kasese. Hivyo ndivyo tunavyochagua hospitali huku kwetu. Nilimwachia yule mwanamke chumvi yake na udongo wake, nikapanda gari la samaki, na njia nzima nilikuwa namuuliza jirani kwa simu swali lile lile. Je, mmepitia dukani? Amechomwa kitu? Mara mtandao unakatika, mara anajibu, "Sisikii, mama, sisikii." Sauti yangu alikuwa anaisikia vizuri sana. Alilokuwa halisikii ni hilo swali tu.

Nilipoingia hospitalini niliwakuta kwenye chumba cha wagonjwa wa dharura, kitanda cha karibu na dirisha. Mama mkwe amekaa kwenye kiti, rozari mkononi, uso umelegea kwa kushukuru. Juu ya kitanda kulikuwa na kitenge cha maua ya njano, na chini yake umbo la binti yangu, limefunikwa mpaka kwenye paji la uso.

"Usilie, mukamwana," aliniambia. "Munganga alimuchoma sindano ku mukono. Mutoto iko nalala sasa. Ametulia."

Baadaye niliambiwa kwamba daktari alikuwa amemwacha mtoto wazi, kifua nje, na muuguzi pembeni. Kisha muuguzi akaitwa kitanda kingine mara moja tu, na mikono ya mtoto ikaanza tena kucheza kidogo, na daktari akaenda kabatini kuandaa dawa ya pili. Katika nafasi hiyo ndogo mama mkwe alifanya alichofanya siku zote. Alimsitiri mjukuu wake.

Nilivuta kile kitenge. Midomo ya mwanangu ilikuwa na rangi ya majivu. Nilikitazama kifua nikingoja kiinuke, nikangoja, kikapanda kidogo sana na kukaa pale. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. Daktari, msichana mdogo kwa umri kuliko mimi, alikuja mbio akiwa na sindano iliyojaa mkononi, akaiweka chini bila kuitazama. Alimsukuma mtoto kidevu juu, akavuta mfuko wa kupumulia, akamfunika mdomo na pua kwa barakoa yake na kuanza kuuminya mfuko. Kifua kikapanda. Akaminya tena. Muuguzi akafungua oksijeni.

Bila kuinua macho daktari aliuliza, "Jajja, kabla ya kuja hapa mtoto amepewa nini?" Alikuwa mtu wa upande wa Kampala, na bibi yeyote kwake alikuwa jajja.

"Hakuna," alijibu mama mkwe.

"Hata kidonge?"

"Hakuna kitu."

Jirani wa kwaya aliyekuwa amesimama ukutani alitikisa kichwa kumuunga mkono. Hakuna kitu, dokita. Tulitoka naye nyumbani tukaja moja kwa moja.

Muuguzi alimgeuza mtoto ubavu kidogo, na gauni likapanda. Kwenye tako palikuwa na pamba iliyobandikwa kwa plasta. Kando yake palikuwa na pamba nyingine. Nilimwonyesha mama mkwe kwa kidole.

"Iyo ni ya zamani," alisema.

Ya zamani! Pamba ilikuwa na damu ambayo haijakauka. Mimi ndiye ninayemwogesha mtoto huyu, najua kila kovu alilo nalo. Nilitoa simu nikampigia musawo wa duka letu pale pale, nikamwambia mtoto yuko Kasese hapumui, aniambie alimchoma nini, jina tu la dawa, sitaki kingine.

"Mama, pole sana," alisema kwa upole wake ule ule. "Lakini mimi siko kwa duka leo. Mtoto yako mimi sijaona."

Akakata. Nilipiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Nilikuwa na hasira ambayo mpaka leo sijapata mahali pa kuiweka. Kulikuwa na watu watatu waliojua kilichokuwa ndani ya mwili wa mwanangu, mmoja amezima simu, wawili wako mbele yangu, na daktari anaminya mfuko akiwa hajui apunguze nini wala asubiri nini. Na wote watatu walikuwa wanampenda mtoto huyu. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Ningejua kupigana na mtu anayemchukia.

Daktari hakufoka. Aliendelea kuminya, akasema polepole, akichagua maneno yake ya Kiswahili, "Jajja, mimi sitafuti mtu wa duka. Duka si kazi yangu. Nataka kujua mwili hii iko na nini ndani. Kama ni dawa ile ile nimempa, nitasubiri na kumpumulisha mpaka iishe. Kama ni ingine, nitafanya ingine. Nikikosea, ataenda."

Mama mkwe alimtazama jirani. Jirani alitazama sakafu. Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri bibi mmoja, na mimi nilijua anawaza nini, kwa sababu nimekaa naye miaka. Alikuwa anamwona musawo amefungwa pingu, na mtaa mzima ukipita mbele ya nyumba yetu bila salamu. Kisha akaanza kuufungua mshipi wa kitenge alichovaa chini, pale wanawake wa huko kwao wanapofunga vitu vyao vya thamani. Vidole vilikuwa vinamkataa. Nilitaka kumfungulia mwenyewe kwa meno. Ndani ya fundo kulikuwa na karatasi, na ndani ya karatasi vichupa vya kioo vilivyovunjwa shingo, viwili. Aliambiwa avitupe chooni. Gari lilifika kabla hajapata nafasi.

Daktari alisoma jina lililoandikwa, akashusha pumzi. "Diazepamu," alisema. "Ile ile. Asante, jajja."

Ile sindano aliyokuwa ameiweka chini hakuichukua tena. Ilikuwa na dawa nyingine ya jamii hiyo ya kulaza, yenye nguvu zaidi, na alikuwa anakwenda kumpa kwa kuamini kwamba mtoto amepata kipimo kimoja tu. Walimpumulisha kwa zamu, yeye na muuguzi, muda mrefu, mpaka kifua kikaanza kujisukuma chenyewe, kwanza kwa uvivu, kisha kwa kujitegemea. Mikono haikucheza tena. Alipofungua macho aliuliza kiatu chake kingine kiko wapi. Kilibaki barabarani mahali fulani, na alilia kwa ajili ya kiatu kile kana kwamba hakuna jambo jingine lililotokea. Niliketi chini sakafuni nikacheka.

Siku mbili tulizolazwa wodini daktari alinifundisha, maana nilimganda. Alinieleza kwamba dawa inayokomesha degedege refu ni dawa ya usingizi. Inatuliza ubongo, ndiyo kazi yake, lakini ikizidi inatuliza na ile sehemu inayomkumbusha mtu kuvuta pumzi. Sindano ya takoni inakwenda polepole, na ya kwenye mshipa inafika papo hapo. Musawo alichoma, akaona mtoto bado anatetemeka, akadhani dawa haifai, akaongeza. Dawa ilikuwa inafaa, ila ilikuwa njiani. Ilifika mwilini wakati ule ule na ile ya daktari, na zote zikakutana kwenye pumzi ya mtoto mmoja.

"Basi nisimruhusu mtu ampe tena," nilisema.

Hapo ndipo aliponikasirikia kwa mara ya kwanza. Akasema hapana, nisitoke hapo na woga huo. Degedege linalopita dakika tano haliachwi liishe lenyewe, kwa sababu nalo linaua, na lisipoua linaharibu kichwa, na kadiri unavyochelewa ndivyo linavyozidi kuwa gumu kukoma. Dawa ni lazima. Itolewe mapema, itolewe kwa kipimo cha uzito wa mtoto, isirundikwe, na anayeitoa akae aangalie kifua. Na kila anayempokea mtoto aambiwe nini kimeshaingia. Ni mambo ya kawaida kabisa. Nilimsikiliza nikawa nazidi kukasirika kwa jinsi yalivyo ya kawaida.

Alitupa dawa ya kuweka nyumbani: diazepamu ya maji, na bomba dogo la sindano lisilo na sindano, amelitia mstari wa kalamu mahali pa kuishia. Inaingizwa njia ya haja kubwa, mara moja tu, ikiwa dakika tano zimepita kwa saa ya simu, si kwa saa ya moyo. Kisha mtoto alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu mdomoni, asifunikwe, na aletwe.

Kumfundisha mama mkwe ilikuwa vita. Nilitumia mto wa kulalia, niliukunja na kuufunga kamba, ukawa ndiye mtoto. Aliutazama mto, akanitazama mimi.

"Miye? Nimuingizie mutoto wa mwanamuke kitu kule? Batu bakiwa pale?"

"Watoe nje watu."

"Na kitenge nisimufunike?"

"Mfunike kiuno, mama. Kifua na uso uache wazi."

"Njo heshima gani hiyo, kifua kiko inje?"

Tulikaa hivyo wiki nzima. Siku moja anakubali, siku ya pili anasema atamuuliza padri. Mimi nikirudi Katwe nimechoka, badala ya kula nauchukua ule mto. Mara namfokea, kisha naona aibu kwa sababu ni mama wa mume wangu na mkono wake ndio uliomlea mtoto huyu. Yeye naye aliwahi kunitupia mto akaniambia kwamba mimi ni mukali kama afande. Sikukataa. Lakini jambo lililokuwa gumu kuliko bomba lenyewe lilikuwa lile la mwisho. Nilimwambia, mama, ukifika kwa daktari unasema kila kitu. Ulichompa, saa uliyompa, na kama musawo alimgusa, musawo alimgusa. Bomba alijifunza kulishika. Kusema alikuwa anakuzunguka kama mtu anayezunguka shimo.

Mtaani nako hali haikuwa nzuri. Sikumshitaki musawo kwa mtu yeyote, na duka lake liko wazi hadi leo, lakini ilishajulikana kwamba vichupa vyake vilifunguliwa mezani kwa daktari kule Kasese. Jirani wa kwaya aliacha kuja kuomba kiberiti. Musawo mwenyewe nilikutana naye njiani, akanisalimu vizuri, akaniuliza hali ya mtoto. Nilimwambia mtoto anaendelea, na kwamba siku ile angetaja jina la dawa kwa simu, hata bila kutaja jina lake. Aliitikia kwa kichwa. "Iko ngumu, mama," alisema, "wewe hujui wale watu." Nilimjibu kwamba mtu ninayemjua mimi ni mwanangu, nikapita. Nilitembea hatua chache nikiwa najisifu, kisha nikahisi tu uchovu, kwa sababu nilijua kesho yake angechoma mtu mwingine na kumpa karatasi.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mtoto alipata homa, na asubuhi moja nikiwa sokoni napima chumvi, mpita njia akaniambia wamemwona bibi yetu juu ya bodaboda na mtoto mapajani, wanaelekea kituo cha afya. Ni kituo kimoja hapa hapa kwetu, sina haja ya kukitaja. Nilikimbia. Nilipofika barazani, watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na mbele yao wote, dirishani, mama mkwe alikuwa amesimama akiwa amembeba mtoto ubavu, uso wazi, kifua wazi, mkono wake mmoja umebandikwa juu ya mbavu za mtoto. Alikuwa anasema. Mama mkwe wangu alikuwa anasema, kwa sauti ya misa, baraza zima likisikia.

"Sista, huyu mutoto iko na kifafa. Ameanguka, nikaangalia saa ku telefone, dakika tano ikapita, hapana acha. Nikamupa dawa, diazepamu, mara moja, kwa njia ya nyuma. Miye mwenyewe nilimupa. Hapana piga sindano, hapana kwenda kwa duka. Asubui alikunywa dawa yake ya kila siku. Na nilimupaka mafuta ya baraka ku kichwa. Iyo tu. Iko napumua, angalia."

Nilisimama nyuma ya foleni nikasikiliza. Hakuwa amesahau hata kimoja. Mafuta ya baraka sikuwahi kumwambia ayataje, aliyaongeza mwenyewe ili asibakize kitu. Sikuwahi kujivunia mtu hivyo.

Muuguzi alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nani ilikuambia kupatia mtoto dawa kwa nyumba?"

"Munganga wa Kasese alinifundisha."

"Munganga! Wewe ni daktari? Nyinyi watu ya Kongo mnapenda kuua watoto na dawa, alafu mnatuletea sisi. Kama hiyo dawa imemzidi, sisi tutafanya nini? Mtu mzima hivi, na haogopi!"

Watu wawili watatu kwenye benchi walicheka. Mmoja akarudia, "Kwa njia ya nyuma!" na wakacheka zaidi. Nilimwona mama mkwe shingo yake tu kutoka nilipokuwa, na niliona jinsi ilivyoinama.

Nilipita watu wote nikafika dirishani, na niliyoyasema pale sitayaandika, mengine yalikuwa ya Lhukonzo, lugha ya kwetu, na hayana tafsiri ya adabu. Nilimwambia muuguzi kwamba huyo bibi amefanya kazi yake, sasa na yeye afanye yake. Labda alikuwa amechoka. Labda kweli kesi za dawa zilizozidi zimepita mkononi mwake na moja ilimuumiza. Sijui, na siku ile sikutaka kujua. Tabibu mwingine alitoka ndani kwa ajili ya kelele zangu, akamchukua mtoto, akampima pumzi na homa, akakuta malaria. Degedege lilikuwa limekoma kabla hawajafika. Dawa ilifanya kazi, kipimo kilikuwa sawa, mtoto alikuwa anapumua vizuri, na yeye tabibu alimwambia mama mkwe, "Umefanya vizuri, mama." Lakini alimwambia ndani, mlango umefungwa. Matusi yalikuwa yametolewa barazani.

Tulirudi kwa miguu jioni mvua ilipokatika, mtoto akitembea kwa usingizi, ameegemea kiuno cha bibi yake. Tulipokaribia nyumbani mama mkwe akasema, bila kunigeukia:

"Ulisikia vile nilisema?"

"Nilisikia, mama. Ulisema vizuri kabisa."

"Bon, sawa. Mara ingine utasema weye."

Nilimwambia kwamba aliyekosea ni yule muuguzi, si yeye. Nilimwambia maneno yake yalimsaidia mtoto. Nilizungumza sana, kwa upole kuliko nilivyowahi kuzungumza naye, na kila nilivyozidi kuzungumza ndivyo nilivyojisikia ninapoteza.

"Miye niko muzee," alisema. "Sitarudia kutukanwa mbele ya batu juu ya kusema kweli."

"Na kama siko, mama?"

Alimfunga mtoto kitenge mabegani, kwa sababu baridi ilikuwa imeanza, akaingia naye ndani.

Wiki ile sikwenda Katwe, na iliyofuata sikwenda. Mto ule nimeufungua, sina la kumfundisha tena, anajua yote. Wateja wangu wameanza kununua chumvi kwa wengine. Wiki hii nakwenda, kwa sababu lazima tule, na nikiwa kule ziwani atakayeulizwa ni yeye.